Kasumba, methadoni na swali aliloulizwa Ibn Hajar

Na Mwandishi Wetu



Ndugu Waislamu, hapana msikiti wa mjini katika mwambao wetu usio na kisa chake cha viatu. Watu wametoka katika sala ya Ijumaa, mzee mmoja anayatafuta makubadhi yake hayaoni, na kabla hajamaliza kuuliza kila kidole kimekwisha kuelekezwa upande mmoja: kwa yule kijana aliyejikunja chini ya mwembe, mwenye mikono iliyovimba na macho yanayofumba katikati ya maneno. Anaitwa teja. Jina alilopewa siku ya akika limesahauliwa na wote isipokuwa mama yake. Ipo misikiti iliyomkataza hata kusogea penye birika la kutawadhia.

Makala hii haikukusudia kumtetea mwizi wa makubadhi. Inakusudia kulitazama swali ambalo familia nyingi za Kiislamu huulizana kwa sauti ya chini, kwa kuchelea majirani. Mtoto aliyezama katika unga, akajaribu kuacha mara ya kwanza, ya pili na ya tano akashindwa, je, sharia inaturuhusu kumpeleka akapewe methadoni, dawa ambayo nayo ni ya ukoo wa kasumba, ili abaki hai? Na yule ambaye hata kujaribu bado hajajaribu, je, yafaa apewe sindano safi?

Wataalamu wa afya huuita mpango huo kupunguza madhara. Maana yake ni kwamba, wakati juhudi za kumtoa mtu katika uraibu zikiendelea, afanyiwe yale yatakayomzuia asife, asiambukizwe wala asiambukize wengine. Wapo wanaousikia mpango huu na kudhani kuwa ni njia ya kuihalalisha haramu. Dhana hiyo si ya kubezwa, maana imetoka katika ghera ya dini, na inastahiki jibu la kielimu.

Unga ulivyotufikia

Heroini haikuota kwetu. Utomvu wa kasumba huvunwa Afghanistan, husafishwa ukawa unga, ukashushwa hadi pwani ya Makran iliyo kati ya Iran na Pakistan, na kutoka hapo hupakiwa majahazini kuja upande huu wa bahari ile ile iliyowaleta wazee wetu na tende zao. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilikamata jahazi moja karibu na pwani ya Kenya likiwa na kilo 1,032 za heroini. Jahazi moja tu! Sehemu kubwa ya shehena za namna hiyo hulengwa Ulaya, lakini makombo hubaki bandarini, na makombo hayo ndiyo yaliyowaunguza watoto wetu.

Katika miaka ya 1980 unga uliofika hapa ulikuwa wa rangi ya kahawia na watu waliuvuta kwa moshi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaingia unga mweupe, ambao huyeyuka upesi katika maji, na hapo ndipo kujidunga kulipoenea Malindi, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Sindano moja ikawa ya watu watatu, wanne. Mwaka 2005 watafiti waliandika kutoka Dar es Salaam jambo ambalo mwandishi huyu alipolisoma aliliweka gazeti chini: wanawake mafukara wa maskani, mmoja akishajidunga, huvuta damu yake katika bomba na kumpa mwenziwe asiye na fedha ya kete ajidunge damu hiyo, kwa imani kwamba ndani yake mna unga uliobaki. Walifanya hivyo kwa kuoneana huruma.

Matokeo yake yanajulikana. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar mwaka 2007 ulikuta kwamba 16 katika kila watu 100 wanaojidunga walikuwa na virusi vya UKIMWI, hali ya kuwa katika jamii nzima ya visiwa hivyo hawafiki hata mmoja katika 100. Uchunguzi wa mwaka 2012 ukakuta kiwango hicho kimeshuka hadi asilimia 11.3. Homa ya ini hupita kwa njia hiyo hiyo. Na watu hawa si kisiwa cha peke yao. Wana wake, na wake wana mimba.

Dawa ya kikombe

Methadoni ilitengenezwa na wakemia wa Kijerumani katika miaka ya 1930 kuwa dawa ya maumivu. Katikati ya miaka ya 1960, mjini New York, madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wakagundua kwamba inaweza kumtuliza mraibu wa heroini. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha ya dawa muhimu.

Ili kufahamu inavyofanya kazi, yafaa kwanza kufahamu arosto. Mwili uliozoea heroini ukiikosa kwa saa chache huasi: mafua, jasho, kutapika, kuharisha, maumivu ya mifupa kama mtu anayepondwa, na usingizi kutoweka. Kwa hiyo asubuhi mraibu hatafuti starehe, anatafuta kuikimbia adhabu, na ndiyo maana huiba sufuria ya mama yake ikiwa bado ina moto. Methadoni hukaa ubongoni pale pale heroini inapokaa, lakini huingia polepole na hudumu saa 24 au zaidi. Kipimo kikiwa sawa, arosto huondoka na mtu halewi. Hunywewa kama dawa ya kikohozi, mara moja kwa siku, mbele ya muuguzi.

Tanzania iliianzisha huduma hii katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke. Zanzibar ilianza mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu, na baadaye Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga na Arusha nazo zikapata kliniki. Kenya ilianza mwishoni mwa mwaka 2014 katika hospitali ya Mathari mjini Nairobi, na mwaka uliofuata huduma ikateremka pwani. Katika vituo vya serikali vya Tanzania mgonjwa halipi. Anapoingia hupimwa virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na homa ya ini, na hupewa mshauri wa kuzungumza naye. Kwa wazazi waliokwisha kuuza shamba kwa kulipia waganga, habari hii peke yake ni ya kutosha kuwaamsha.

Fatwa ya mtu wa Makka

Sasa turejee katika lile swali. Mpingaji husema: mmemtoa mtu katika kileo kimoja mkamtia katika kingine. Na dalili anazo. Suratul Maida, aya ya 90 na 91, imeuharamisha ulevi bila ya shaka yoyote, na katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kwa Bibi Ummu Salama (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kila chenye kulevya na kila chenye kulegeza mwili. Maulamaa wameiingiza kasumba na bangi humo, na Ibn Taymiyya ni miongoni mwa waliokuwa wakali mno katika suala hilo.

Lakini jambo hili si geni katika fiqhi kama tunavyodhani. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria, sawa na 1567 Miladia, ni faqihi ambaye kila aliyesoma madhehebu ya Imam Shafii katika mwambao huu anamjua, kwa sababu kitabu chake cha Tuhfa, sherehe ya Minhaj ya Imam Nawawi, ni tegemeo la masheikh wetu. Aliulizwa kuhusu mtu aliyepatwa na balaa la kula kasumba na mfano wake, hata ikawa akiiacha ataangamia. Jawabu lake lilikuwa hili kwa maana yake: ikiwa hilo linajulikana kwa yakini, basi ni halali kwake, bali ni wajibu, kwa kuwa amelazimika kuiokoa roho yake kama anavyolazimika mwenye njaa kula nyamafu. Hakuishia hapo. Akasema ni wajibu wake vilevile kupunguza kidogo kidogo, mpaka tumbo lisahau uchu wake bila ya kuhisi, na asipofanya hivyo anapata dhambi. Karne kadhaa baadaye Ibn Abidin wa Damascus, ambaye ni Hanafi, aliinukuu fatwa hii katika Hashiya yake, akataja na kauli ya al-Ramli kwamba kanuni za Mahanafi haziipingi.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi mwanachuoni huyu alivyofikiri. Hakuisema kasumba kuwa ni nzuri, wala hakumwambia yule mtu afe ili fatwa ibaki safi. Alimwona mgonjwa mbele yake.

Hapana budi kusema ukweli kwamba fatwa hiyo haitui juu ya methadoni bila ya mazungumzo. Ibn Hajar alishurutisha yakini ya kuangamia, nasi tunajua kwamba arosto ya heroini, kwa ukali wake wote, kwa kawaida haimuui mtu mzima mwenye afya. Kinachomuua ni kule kuirudia sindano baada ya siku chache: kipimo kilichozidi, au damu ya mwenzake. Je, maangamizo yanayokuja kwa njia hiyo yanahesabika? Mwandishi huyu anaona yanahesabika, maana Allah (S.W.) katika Suratul Baqarah, aya ya 195, ametukataza kujitia katika maangamizo bila ya kubagua njia ya karibu na ya mbali. Zaidi ya hapo, aliyepewa methadoni kwa kipimo cha daktari yu mbali zaidi na ulevi kuliko mla kasumba wa zama za Ibn Hajar: anatembea, anafanya kazi, anajua ameswali rakaa ngapi.

Liko na suala la muda. Faqihi ametaka kupunguza. Madaktari nao wanatuambia kwamba wengi wanaokatishwa methadoni kwa haraka hurudi katika unga, na kwamba wapo wanaohitaji kuinywa miaka. Huu si mgongano. Yeye mwenyewe alisema kidogo kidogo, bila ya mwili kuhisi, na mwendo wa hicho kidogo ni jambo la fani. Qur'ani imetuelekeza kuwauliza wenye kujua. Mzazi anayemwambia mwanawe aache dozi kabla ya Idd ili aonekane ametubu, anafanya kazi isiyokuwa yake.

Ugumu wa sindano

Suala la sindano safi ni gumu zaidi, wala mwandishi hatajifanya kuwa amelimaliza. Mwaka 2012 Kenya ilipotangaza mpango wa kuzigawa, viongozi wa dini wa pwani wengi waliupinga, na hoja yao kubwa ilitoka katika aya ya pili ya Suratul Maida, inayokataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

Wanaoruhusu hutegemea kanuni ya kutenda dhara jepesi ili kuepusha zito. Hutaja kisa cha yule bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.), Maswahaba wakataka kumkurupusha, Mtume akawazuia mpaka alipomaliza, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe; maana kumkurupusha kungeeneza najisi na kumdhuru mtu, wala kusingeirudisha iliyokwisha kutoka. Hutaja pia kisa alichokipokea Ibn al-Qayyim kwa sheikh wake Ibn Taymiyya, aliyewapita Matatari wakinywa pombe, mmoja wa wenziwe akataka kuwakemea, sheikh akamzuia kwa sababu pombe ile ilikuwa inawashughulisha wasiue watu na kupora mali.

Mpingaji atasema, na kusema kwake ni kwa haki, kwamba Ibn Taymiyya aliwaacha tu, hakuwamiminia. Ni kweli. Lakini sindano nayo si unga. Mraibu hatajidunga kwa sababu amepewa sindano, wala hataacha kwa kuikosa. Ataokota ya jana. Kinachobadilika ni kama virusi vitaingia au havitaingia, na kama mke wake, ambaye hajawahi kuiona kete, atavipata au atasalimika. Rai ya mwandishi inaelekea kuruhusu, kwa sharti kwamba jambo hilo liwe mikononi mwa watu wa afya, na kila anayekuja kuchukua sindano aoneshwe na mlango wa tiba. Masheikh wakiona vingine, nawalione baada ya kukaa na madaktari, si kabla.

Wenzetu wa nchi nyingine za Kiislamu walikwisha kukaa. Nchini Iran, Januari 2005, Ayatollah Mahmoud Hashemi Shahroudi, aliyekuwa mkuu wa mahakama, alitoa waraka akiwaelekeza mahakimu wasiwashitaki watoaji wa sindano na methadoni wanaofanya kazi ya afya. Malaysia ilianza methadoni mwaka 2005 na sindano mwaka 2006, baada ya mabishano makali. Mwaka 2002 nchi hiyo iliandikisha takriban watu 7,000 wapya wenye virusi vya UKIMWI, na wengi wao walikuwa ni wenye kujidunga. Miaka iliyofuata idadi ilipungua sana, na wanaojidunga wakawa sehemu ndogo ya wanaoambukizwa. Na mwaka 2010 ikafanyika Kuala Lumpur hatua ambayo kwetu bado ingezua kelele: msikiti wa Ar-Rahman, ulio jirani na Chuo Kikuu cha Malaya, ukafungua mlango wake, methadoni ikatolewa hapo hapo msikitini pamoja na darsa na sala.

Nyumbani

Tuseme machache kwa wazazi, kwani wao ndio wenye mzigo.

Kumfungia kijana chumbani au kumtia mnyororo mpaka arosto ipite ni jambo linalofanywa na watu wema waliokata tamaa. Mwili huweza kutulia baada ya wiki moja hivi, lakini uchu haujatoka, na hapo huja hatari ambayo wengi hawaijui. Mwili uliopumzika husahau uzoefu wake. Kijana aliyekaa mwezi bila ya unga, kwa kufungwa nyumbani, kwa kutoka jela, au kwa sababu alijizuia Ramadhani nzima kwa nia njema, akirudia siku ya Idd kile kipimo chake cha zamani, pumzi zake hukatika. Ukimkuta ameduwaa haamki, anakoroma kwa kukwama, midomo imegeuka rangi, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, usimmwagie maji wala usimwache alale aamke mwenyewe. Mlaze ubavu, mfungulie njia ya hewa, na akimbizwe hospitali. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoizima heroini kwa dakika chache ikiwahi. Usifiche kwa aibu kile alichokitumia. Daktari asiyejua atatafuta malaria.

Kwa anayekunywa methadoni, dawa nyingine zina neno. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI huipunguza nguvu, arosto ikarudi, na familia ikadhani kijana anadanganya. Apelekwe kliniki, aeleze kila anachomeza. Dawa za usingizi na pombe zikichanganywa nayo huua.

Kwa wale wanaotaka njia ya kuacha kabisa, Zanzibar na bara ziko nyumba za upataji nafuu, ambazo watu huziita soba hausi, zinazoendeshwa kwa sehemu kubwa na vijana waliopitia huko huko. Nyingi ni za wanaume. Binti wa Kiislamu aliyeingia katika unga hana pa kwenda: nyumbani amefukuzwa kwa fedheha, na kliniki anaogopa kuonekana katika foleni ya wanaume. Ni jambo la kusikitisha kwamba zakka na sadaka zetu hujenga minara mirefu, na hatujasikia mara nyingi zikimjengea binti huyo chumba.

Katika Sahihi ya Bukhari iko habari ya Swahaba mmoja aliyekuwa akiletwa kwa Mtume (S.A.W.) mara kwa mara kwa kunywa pombe, na kila mara akitiwa adabu. Siku moja mtu akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume (S.A.W.) alikataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adabu haikuondolewa, wala nafasi yake miongoni mwa Waislamu haikuondolewa. Na akifa mraibu wetu, ni wajibu wetu kumwosha, kumkafini na kumswalia kama Muislamu mwingine. Imamu anayeona uzito mbele ya jeneza hilo na awaulize masheikh wake kabla ya kuwaumiza wafiwa.

Limebaki suala ambalo huulizwa kila mwaka, la funga. Methadoni ni ya kunywa, hivyo kuinywa mchana wa Ramadhani kunafunguza. Lakini kwa kuwa dozi moja hudumu siku nzima, saa yake huweza kusogezwa ikawa baada ya futari au kabla ya alfajiri, ikiwa kliniki inao utaratibu huo. Mahali usipokuwapo, mgonjwa asijikatie dozi mwenyewe. Hukumu yake ni ya mgonjwa mwenye kulazimika na dawa, na aulize masheikh jinsi ya kulipa au kutoa fidia kwa mujibu wa hali yake. Familia na zifike kliniki tangu mwezi wa Shaaban kuuliza, kwa sababu saa za kazi za wauguzi hazibadilishwi usiku wa mwandamo. Wallahu aalam.